Kukadiria mionzi iliyowafikia watu baada ya ajali ya kinu cha nyuklia: mwongozo kwa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu nimewaandikia maofisa afya mazingira, maofisa ugani, walimu wa sayansi na vijana wa kujitolea wa mikoa yetu miwili. Kazi yake ni moja. Ikitokea kinu cha nyuklia kimevujisha mahali fulani, na upepo, mvua au shehena ya chakula ikaleta masalia yake huku kwetu, tutajuaje ni mionzi kiasi gani imemfikia mtu wa Newala, wa Kilwa Masoko au wa Msimbati?

Kinu cha karibu hatuna. Kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani Afrika ni Koeberg, karibu na Cape Town, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka bandari ya Mtwara. Misri inajenga chake El Dabaa, na Kenya ina mpango wa kujenga cha kwanza. Naandika sasa kwa sababu kipimo chenye thamani kuliko vyote ni kile kilichochukuliwa kabla ya ajali. Tena hesabu nyingi zinazotumika duniani zilitungwa kwa ajili ya nyumba za Japani au mashamba ya Ukraine, na hazimjui mtu wa Uwanda wa Makonde anayekunywa maji ya paa lake mwaka mzima.

Jambo la kushika kabla hujagusa kifaa chochote: umbali peke yake hautoshi kukuambia hatari. Machi 2011, baada ya ajali ya Fukushima, serikali ya Japani ilichora mduara wa kilomita 20 na kuwahamisha waliokuwa ndani yake. Tarehe 15 Machi upepo ukaelekea kaskazini-magharibi, mvua na theluji vikaushusha uchafu wa mionzi juu ya kijiji cha Iitate, kiasi cha kilomita 40 kutoka kituoni. Watu wa Iitate waliendelea kuishi pale, na agizo la kuwahamisha likaja Aprili. Upepo na mvua ndivyo vilivyoamua nani apate nini. Kwetu sisi hilo lina sura yake: kaskazi ndio huja na mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kusi huvuma wakati wa kiangazi. Masalia yakifika wakati wa kaskazi yataangushwa na mvua kwa mabaka, kijiji hiki kikalowa na cha pili kikapona. Yakifika wakati wa kusi yatatua taratibu kama vumbi, yatakaa juu ya mabati na majani ya mikorosho, na yatasubiri mvua ya kwanza.

Kabla ya ajali: andika hali ya kawaida

Mionzi ya asili ipo kila mahali, hutoka angani, kwenye miamba, kwenye chakula na kwenye gesi ya radoni. Kwa wastani wa dunia mtu hupata milisiveti 2.4 kwa mwaka (siveti ni kipimo cha dozi, yaani mionzi iliyoufikia mwili). Ukiwasha kipima mionzi uwanjani siku ya kawaida, kwa sehemu nyingi za dunia utasoma kati ya maikrosiveti 0.05 na 0.2 kwa saa (maikrosiveti 1,000 ndizo milisiveti moja).

Ndani ya mikoa yetu namba hizi hazitalingana. Masasi penye majabali, tarajia usomaji mkubwa kuliko Mikindani, kwa kuwa miamba ya jamii ya granaiti hubeba urani, thoriamu na potasiamu nyingi kuliko mawe ya matumbawe. Asiye na kumbukumbu atapima Masasi siku ya taharuki, atalinganisha na namba ya pwani, kisha atatangaza hatari ambayo haipo. Mwingine atapima pwani, aone namba ya kawaida ya Masasi, aseme hali ni shwari wakati imeshapanda maradufu.

Basi chagueni vituo vya kudumu: uwanja wa shule, ofisi ya kijiji, ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), soko, mwalo wa samaki. Pimeni kiangazi na pimeni masika. Udongo uliolowa huzuia sehemu ya mionzi inayotoka chini, na mvua kubwa inapoanza, vizalia vya radoni hushuka nayo na kupandisha usomaji kwa saa moja au mbili, kisha hushuka wenyewe. Anayelijua hilo hatapiga mbiu kwa sababu ya mvua ya Desemba. Wekeni pia sampuli chache za udongo, korosho, muhogo mkavu na maji ya visima, zikiwa na tarehe.

Jua kilichovuja na saa kilipovuja

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1986, uliotungwa baada ya ajali ya kinu cha Chernobyl, Ukraine, unazitaka nchi kutoa taarifa ya mapema ya ajali kupitia Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA. Hapa nchini mwenye mamlaka ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Dar es Salaam kuna kituo cha kunasa chembe za mionzi hewani, kimoja kati ya vituo vya mtandao wa dunia wa kufuatilia milipuko ya nyuklia. Ofisa wa wilaya hana haja ya kubahatisha kilichomo hewani. Kazi yake ni kuuliza, kuandika jibu, na kupanga upimaji wake kwa kulifuata.

Viini vinavyotawala baada ya ajali ya kinu, yaani aina za atomi zinazotoa mionzi, ni vichache. Iodini-131 hupungua nusu kila siku 8, hivyo baada ya siku 80 imebaki takriban sehemu moja ya elfu. Ni ya wiki za mwanzo, na hushambulia tezi ya shingo, hasa ya watoto. Sesiamu-134 hupungua nusu kila miaka 2, sesiamu-137 kila miaka 30, na hizi mbili ndizo zinazobaki kwenye udongo na chakula. Strontiamu-90, ya miaka 29 hivi, hufuata kalisi mwilini na kukaa kwenye mifupa. Haitoi mionzi ya gama ya kuonekana kwa kifaa cha kawaida, kwa hiyo inahitaji maabara.

Jirani zetu wa Namtumbo, mkoani Ruvuma, wana urani ya Mto Mkuju, na watu huuliza kama mwongozo huu unawahusu. Sehemu tu. Mgodi una urani na vizalia vyake kama radiamu na radoni, hauna iodini-131 wala sesiamu-137, maana hizo huzaliwa ndani ya kinu. Anayetafuta uchafu wa mgodi atafute kingine.

Kifaa na mikono inayokishika

Unahitaji kipima mionzi kinachosoma maikrosiveti kwa saa na kilichosahihishwa. TAEC ina maabara ya kusahihisha vipimo Arusha, na kifaa chenye cheti cha tarehe ya karibuni kina thamani kuliko vitatu visivyo nacho. Programu za simu zinazotumia kamera kupima mionzi hazifai kwa kazi hii, hazioni viwango vidogo tunavyovitafuta.

Kivalishe kifaa kifuko safi cha plastiki kisichafuke, ukiacha skrini ionekane. Vaa buti, mikono mirefu na barakoa. Usile wala usinywe eneo la kazi, na ukirudi vua nje, uoge. Ukikuta zaidi ya maikrosiveti 100 kwa saa, rudi nyuma, andika mahali, toa taarifa. Hapo si pa mtu wa kujitolea.

Kupima uwanjani

Shika kifaa mita moja kutoka ardhini, kwenye eneo wazi lisilo na ukuta wala mti karibu. Mita moja imechaguliwa kwa sababu ni karibu na kiuno cha mtu mzima, na ndiyo inayotumika kote, hivyo namba yako italinganishwa na ya mwingine.

Sasa usikimbilie kuandika. Kifaa cha Geiger, aina ya kawaida ya kipima mionzi, huhesabu mipigo, na mipigo huja ovyo. Tuseme chako hupokea mipigo 20 kwa dakika katika hali ya kawaida. Dakika hii kitahesabu 17, inayofuata 25, na hakuna kilichobadilika duniani. Kutikisika huko ni takriban kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe: kwa mipigo 20 ni kama 4 au 5, yaani zaidi ya asilimia 20. Ukisubiri dakika 10 ukapata mipigo 200, mtikisiko ni kama 14, asilimia 7. Subira ya dakika 10 imekupa namba ya kuaminika mara tatu zaidi, bila kuongeza hata shilingi. Namuomba kila atakayeshika kifaa aijali dakika hiyo ya kumi, kwa sababu uvumi mwingi huzaliwa kwenye picha ya skrini iliyopigwa sekunde mbaya.

Baada ya hapo shusha kifaa hadi karibu kugusa ardhi, bila kugusa. Ikiwa usomaji wa chini ni mkubwa sana kuliko wa mita moja, uchafu uko pale pale juu ya uso wa udongo. Ikiwa zinakaribiana, mionzi inatoka eneo pana. Andika zote mbili.

Kisha nenda mahali watu wanapokaa, maana hapo ndipo dozi inapopatikana: barazani, jikoni, chini ya mwembe wa kijiwe, ndani ya darasa, kwenye uwanja wa kuanikia korosho. Usiache kupima mstari wa matone chini ya upenu. Paa lote humimina maji pale, udongo hunasa sesiamu, na Japani sehemu za namna hiyo zilikuwa na usomaji wa juu kuliko uwanja uliokuwa hatua chache tu pembeni. Watoto hucheza pale pale. Makuti nayo yapimwe kwa chini, ndani ya nyumba, kwa sababu hushika vumbi kuliko bati.

Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, saa, mahali, kifaa, urefu, usomaji, hali ya hewa na jina la aliyepima. Usomaji usio na saa ni wa kutupa.

Maji ya paa

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sioni mwongozo wa nje unaolifikiria hili kama linavyotuhusu. Uwandani, Newala na Tandahimba, maji ya ardhini yako mbali chini, na kaya nyingi huvuna mvua kutoka kwenye bati, kupitia gata, hadi kisimani au kwenye tangi. Paa ni mtego mzuri wa vumbi, na kisima hupokea kila kilichonaswa.

Fanya hesabu hii. Tuseme masalia yametua wakati wa kusi kiasi cha bekereli 200,000 kwa kila mita ya mraba (bekereli moja ni kiini kimoja kinachovunjika kwa sekunde). Mvua ya kwanza ya Novemba ni milimita 10, yaani lita 10 kwa kila mita ya mraba ya paa. Hata kama ni robo tu ya sesiamu itakayoondoka na maji, ni bekereli 50,000 ndani ya lita 10, sawa na bekereli 5,000 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linatumia bekereli 10 kwa lita kama kiwango cha mwongozo cha sesiamu-137 kwa maji ya kunywa katika hali ya kawaida. Mvua ya kwanza moja inaweza kuharibu maji ya miezi.

Kwa hiyo taarifa ya ajali ikifika, tenganisha gata na kisima siku hiyo hiyo, funika kisima, na uyahifadhi maji yaliyomo, maana hayo ni safi. Mvua za mwanzo ziachwe zimwagike mbali na nyumba na bustani. Pima sampuli ya maji yanayotoka kwenye gata kabla ya kuunganisha tena. IAEA inashauri kwamba pale usomaji wa mita moja unapozidi hali ya kawaida kwa maikrosiveti 1 kwa saa, maji ya mvua, mazao ya hapo na maziwa ya wanyama wanaochunga nje visitumike hadi vipimwe, ili mradi kuna chakula na maji mbadala. Huo ndio mstari unaoihusu Newala.

Kuchemsha hakuondoi mionzi. Maji yakipungua sufuriani, sesiamu inabaki ile ile kwenye maji machache zaidi. Kinachosaidia kidogo ni kwamba sesiamu hupenda kung'ang'ania udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo sehemu yake hutulia kwenye tope la chini. Choteni juu, msilikoroge tope.

Udongo na chakula

Kwa udongo, tafuta mkebe mgumu wenye upana unaojulikana, tuseme sentimita 10, ulio wazi pande zote mbili. Chagua ardhi tambarare isiyolimwa tangu ajali. Gandamiza mkebe hadi sentimita 5, toa udongo wote, rudia sehemu tano ndani ya uwanja mmoja, uchanganye kuwa sampuli moja. Kila tundu lina eneo la sentimita za mraba 78.5, matano ni karibu 393, yaani mita ya mraba 0.0393. Maabara ikisema sampuli nzima ina bekereli 3,930 za sesiamu-137, gawanya, unapata bekereli 100,000 kwa mita ya mraba. Kiasi hicho kikiwa bado juuju hutoa takriban maikrosiveti 0.2 kwa saa kwa urefu wa mita moja. Linganisha na ulichosoma uwanjani ukishatoa hali ya kawaida. Zikipishana mno, ama sampuli ama usomaji una kasoro, rudia kabla ya kumtumia mtu yeyote ripoti.

Chakula hakipimwi kwa kifaa cha kuning'iniza shingoni. Kuelekeza Geiger kwenye gunia la korosho na kusema "ni salama" au "ina mionzi" ni kumdanganya mkulima na mnunuzi kwa pamoja. Chakula kinapelekwa maabara yenye kipimo cha spektra ya gama, kinachotambua kila kiini kwa nishati yake. Pale utaonyeshwa pia potasiamu-40, iliyomo ndani ya muhogo, ndizi na mwili wako mwenyewe. Mtu mzima hubeba takriban bekereli 4,000 za potasiamu hiyo siku zote, na haina uhusiano na ajali.

Chukua kile ambacho watu wanakila kweli: muhogo, kisamvu, mchicha, kunde, mbaazi, samaki, mayai, maziwa ya wafugaji wa Kilwa na Liwale. Usisahau vya porini. Uyoga hujikusanyia sesiamu kuliko mazao mengi, na ming'oko huchimbwa kwenye udongo wa msituni ambao haujawahi kuwekwa mbolea. Mmea hunyonya sesiamu zaidi udongo unapokuwa na mchanga mwingi na potasiamu kidogo, maana mizizi huichukua kama ndugu wa potasiamu. Udongo mwingi wa uwandani ni wa kichanga, kwa hiyo tusikope viwango vya unyonyaji vya nchi zenye udongo mzito tukavibandika hapa. Makopa yanayoanikwa juu ya bati au chini hudaka vumbi moja kwa moja, yachukuliwe sampuli peke yake, mbali na muhogo mbichi.

Muulize mwenye nyumba vizuri. Swali la "mnakula nini?" huleta jibu la heshima, siyo jibu la chungu. Uliza ya jana:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae."
"Ahsante. Jana jioni mlipika nini hapa nyumbani?"
"Ugali wa muhogo na kisamvu."
"Na maji ya kupikia mlichota wapi?"
"Hapo kisimani. Ndiyo hayo hayo tunayokunywa."
"Watoto wakitoka shule hushinda wapi?"
"Shambani na mama yao. Jua likiwa kali, chini ya mkorosho."

Kwa maswali matatu umepata chakula, maji na saa za nje. Andika kwa kila mtu wa nyumba, maana mtoto, mama anayenyonyesha na kijana wa bodaboda hawaishi siku moja.

Hesabu ya dozi ya nje

Kanuni ni hii: usomaji wa nje, toa hali ya kawaida, zidisha kwa saa za nje, ongeza saa za ndani zilizopunguzwa na kinga ya nyumba.

Japani walichukua saa 8 nje na saa 16 ndani ya nyumba ya mbao inayopitisha asilimia 40. Maikrosiveti 0.19 kwa saa juu ya hali ya kawaida, mara saa 14.4, mara siku 365, inatoa karibu milisiveti 1 kwa mwaka. Wakajumlisha 0.04 ya asili, ikawa 0.23, kiwango kilichotumika kuchagua maeneo ya kusafishwa. Hesabu nzuri, ila ni ya mtu wa Japani.

Sasa weka ya kwetu. Tuseme uwanjani unasoma 0.50, hali ya kawaida ilikuwa 0.08, nyongeza ni 0.42. Mkulima wa Nanyamba yuko nje saa 10, ndani saa 14. Kwa kutumia ile 0.4: 0.42 mara (10 + 5.6) ni maikrosiveti 6.55 kwa siku, milisiveti 2.4 kwa mwaka kama kiwango hakitashuka. Karani wa mjini anayekaa nje saa 4, saa 20 zikiwa ndani ya nyumba ya matofali inayopitisha 0.2, anapata 3.36 kwa siku, milisiveti 1.2 kwa mwaka. Udongo ule ule, dozi nusu. Mvuvi akiwa baharini anaihesabu saa hiyo karibu na sifuri, kwa kuwa chini yake pana maji na hakuna ardhi iliyochafuka.

Ile 0.4 usiichukue kwa nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti. Ingia ndani, pima katikati ya chumba cha kulala, tumia namba hiyo.

Hesabu ya dozi ya ndani

Zidisha bekereli kwa kilo au lita, mara kiasi kinacholiwa, mara kigezo cha kiini, yaani dozi inayoletwa na kila bekereli iliyomezwa. Kwa mtu mzima, kumeza bekereli 1,000 za sesiamu-137 ni maikrosiveti 13, sesiamu-134 ni 19, iodini-131 ni 22, strontiamu-90 ni 28. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, bekereli 1,000 za iodini-131 ni maikrosiveti 180, mara nane ya mtu mzima. Hiyo ndiyo sababu maziwa yatangulie kupimwa wiki za kwanza. Katika Belarus, Ukraine na maeneo ya Urusi yaliyoathirika na Chernobyl, hadi 2005 zaidi ya wagonjwa 6,000 wa saratani ya tezi walikuwa wameripotiwa miongoni mwa waliokuwa watoto au vijana mwaka 1986, na sehemu kubwa ya ugonjwa huo inahusishwa na maziwa yaliyonywewa bila katazo la mapema. Iodini hupita pia kwenye maziwa ya mama.

Mfano wa kaya ya uwandani, namba zikiwa za kufundishia. Maji ya kisima bekereli 60 kwa lita, mtu anatumia lita 2.5 kwa kunywa na kupikia: kwa mwaka ni bekereli 54,750, maikrosiveti 712. Muhogo bekereli 40 kwa kilo, gramu 400 kwa siku: 5,840 kwa mwaka, maikrosiveti 76. Uyoga bekereli 1,500 kwa kilo, kilo 2 kwa mwaka: bekereli 3,000, maikrosiveti 39. Jumla maikrosiveti 827.

Tazama uyoga. Unazidi kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, cha bekereli 1,000 kwa kilo kwa sesiamu, na ndio utakaotangazwa redioni. Lakini karibu dozi yote inatoka majini. Ukipiga marufuku uyoga ukaacha kisima, hujafanya kitu.

Kuisoma jumla

Mkulima wetu ana 2.4 za nje na 0.83 za ndani, kama milisiveti 3.2 kwa mwaka juu ya zile za asili. Kiwango cha kawaida kwa umma kutoka shughuli za nyuklia ni milisiveti 1 kwa mwaka. Baada ya ajali, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi inapendekeza nchi zichague lengo kati ya 1 na 20 kwa mwaka kwa wanaoendelea kuishi eneo lililochafuka, na kati ya 20 na 100 wakati wa dharura yenyewe. Kwa makadirio ya kawaida, siveti nzima huongeza hatari ya saratani kwa takriban asilimia 5, hivyo milisiveti 10 ni nyongeza ya asilimia 0.05.

Kwa maoni yangu, 3.2 haitoshi kumng'oa mtu shambani kwake, lakini inatosha kumpelekea maji. Kuhamisha watu kuna gharama yake ya uhai. Baada ya Fukushima, wagonjwa na wazee walikufa kwa sababu ya kuhamishwa kwa haraka kutoka hospitali na vituo vya kulelea wazee. Agizo la kuhama na vidonge vya iodini vinatolewa na mamlaka, na kidonge kinafaa saa za karibu na kufika kwa wingu la iodini tu. Kula chumvi nyingi yenye madini joto hakufanyi kazi ya kidonge, kunapandisha presha.

Kuwaambia watu

Pripyat, mji wa karibu na Chernobyl, wakaazi wake walikaa takriban saa 36 kabla ya kuondolewa, watoto wakicheza nje. Namba ikishahakikiwa na TAEC, ipelekwe kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti aisome mbele ya wote, ibandikwe ukutani ofisini. Iandikwe kwa namna inayotumika: kisima cha shule kisitumike, cha zahanati kitumike, mboga za majani zioshwe kwa maji safi mara mbili, makopa yaanikwe ndani, watoto wasicheze chini ya upenu. Korosho zitaathirika na uvumi kabla ya mionzi, kwa hiyo cheti cha maabara cha kila ghala kiwe tayari kabla ya mnada, na AMCOS iwe na nakala.

Kurudia

Mwezi wa kwanza pima vituo vyote kila siku, maziwa, maji na mboga za majani kila wiki. Baada ya miezi mitatu, vituo kila wiki na chakula kulingana na msimu wa kukivuna. Mvua za kwanza za Novemba zinahitaji ratiba yao: sampuli ya gata kabla ya kuunganisha, sampuli ya kisima kikijaa robo, nyingine kikijaa kabisa. Sesiamu-134 itakuwa imebaki robo baada ya miaka 4, sesiamu-137 itakuwa bado zaidi ya asilimia 90. Daftari la vituo lihifadhiwe ofisi ya kata, nakala wilayani na nyingine TAEC, na atakayepokea kazi apokee daftari na kifaa kwa saini, pamoja na tarehe ya kifaa kurudi Arusha kusahihishwa.